Giza la Snow White limetoka wapi? Kuzielewa ngano za kigothiki

Kila inapotoka filamu au riwaya ambamo Kofia Nyekundu ameshika shoka badala ya kikapu, au Snow White anaamka jenezani akiwa na kiu ya damu, ubishi huzuka palepale. Kundi la kwanza hulalamika kwamba waandishi wa leo wameharibu hadithi za watoto. Kundi la pili, linalojiona limesoma zaidi, hujibu kwa madaha kwamba hivi ndivyo hadithi zilivyokuwa tangu mwanzo, ni Disney tu aliyezitia sukari.

Wote wamekosea, na kosa lao ni moja. Wanaichukulia ngano kama ukuta uliopakwa rangi mara mbili: juu utamu, chini giza. Kwa kundi la kwanza, anayekwangua rangi ya juu ni mharibifu. Kwa la pili, ni mkweli. Hakuna anayeuliza kama giza lile kweli lilikuwa chini ya rangi.

Kwa sehemu kubwa halikuwepo. Lilitoka nyumba nyingine kabisa. Ngano za kigothiki za leo zina wazazi wawili: ngano zenyewe kwa upande mmoja, na riwaya ya kigothiki, iliyozaliwa Uingereza mwaka 1764, kwa upande wa pili. Wengi wetu tunamjua mzazi mmoja tu, ndiyo maana tunabaki kushangaa mtoto kapata wapi pua ile.

Tuanze na maneno

Ngano ninazozizungumzia ni ngano za maajabu za Ulaya, zile za "hapo zamani za kale": wafalme wasio na majina, wanyama wasemao, na uchawi ambao hakuna anayeushangaa. Nyingi zilipita midomoni kabla ya kuingia vitabuni, na hata baada ya kuingia vitabuni ziliendelea kurudi midomoni.

Usimulizi upya ni pale mwandishi anapochukua ngano ambayo wewe msomaji unaijua tayari, akaigeuza kwa makusudi, akitegemea kwamba utatambua pale alipogeuza. Asiyeijua Kofia Nyekundu ya awali hawezi kushtuka pale msichana anapomcheka mbwamwitu. Ni kama mzaha: ukilazimika kuueleza, umekwisha.

Neno "gothiki" ndilo lenye safari ndefu. Wagothi walikuwa makabila ya Kijerumani, na ni baadhi yao walioiteka Roma mwaka 410. Karne nyingi baadaye, wasomi wa Italia wa zama za Mwamko walilichukua jina hilo kama tusi. Wakaliita la "kigothi" jengo lolote la enzi za kati lenye matao yaliyochongoka na minara mirefu, yaani jengo la kishenzi. Wagothi wenyewe hawakulijenga hata moja. Lakini jina liling'ang'ania, na lilipofika kwenye fasihi lilikuja na mizigo yake: mawe, giza la kanisa kuu, na ukale.

Aliyelivusha hadi kwenye riwaya ni Horace Walpole, bwana mkubwa wa Kiingereza aliyeipenda mitindo ya enzi za kati hata akaigeuza nyumba yake huko Twickenham kuwa kijikasri. Desemba 1764 alitoa The Castle of Otranto, yaani "Kasri la Otranto", akisingizia kwamba ni tafsiri ya kitabu cha Kiitalia kilichochapwa Naples mwaka 1529. Kitabu kilipopendwa, alijitokeza kama mwandishi, na toleo la pili la 1765 likabeba maneno "hadithi ya kigothiki". Humo kofia kubwa ya chuma inaanguka kutoka juu na kumponda bwana harusi siku ya ndoa. Baba yake anaamua kumwoa yeye bibi harusi aliyebaki, na binti anakimbilia kwenye njia za chini ya kasri gizani.

Hapo kuna mambo manne ambayo riwaya za kigothiki hazikuyaacha tena. Nyumba kubwa yenye siri. Mwenye nyumba mwenye nguvu na la kuficha. Mtu asiyeweza kutoka, mara nyingi mwanamke kijana. Na jambo la zamani lisilokubali kufa. Mizimu si sharti. Kuna riwaya za kigothiki zisizo na mzimu hata mmoja, na kuna hadithi zimejaa mizimu ambazo si gothiki hata kidogo.

(Walpole huyohuyo, miaka kumi kabla ya Otranto, alikuwa ameunda neno la Kiingereza serendipity, la kuokota bahati usiyoitafuta, kutokana na ngano ya wana watatu wa mfalme wa Serendip. Serendip ni jina la zamani la Sri Lanka. Kwa hiyo wazazi wetu wawili walijuana mapema kuliko tunavyodhani.)

Kidole kisichotoka damu

Tofauti kubwa kati ya wazazi hawa haimo katika ukatili. Ngano ni katili kupindukia. Tofauti imo katika hofu.

Katika ngano ya ndugu Grimm, Wajerumani wawili waliokusanya ngano, iitwayo "Kunguru Saba", msichana anafika kwenye mlima wa kioo walimofungiwa kaka zake na kugundua kwamba amepoteza kitu cha kufungulia mlango. Anachukua kisu, anakata kidole chake kidogo, anakitia kwenye tundu, mlango unafunguka. Basi. Hakuna damu, hakuna kilio, hakuna kovu baadaye. Msomi wa Uswisi Max Lüthi, katika kitabu chake cha 1947 kuhusu ngano za Ulaya, aliuita mtindo huu ubapa: wahusika wa ngano ni kama michoro ya karatasi, hawana undani wa mwili wala wa moyo. Unaweza kuwakata na mkasi, hawatavuja.

Sigmund Freud, yule mchunguzi wa nafsi wa Vienna, alikuwa ameligusa jambo hilohilo mwaka 1919, katika insha yake maarufu kuhusu hofu ya pekee ambayo Kijerumani huiita unheimlich. Neno lile limejengwa juu ya neno la nyumbani. Ni hofu ya kitu ambacho kingepaswa kuwa cha kawaida, cha hapahapa ndani, lakini kimegeuka au kimefichua kilichokuwa kimefichwa. Sasa angalia alichosema kuhusu ngano: hazina hofu hiyo. Nani, anauliza, atasisimkwa na mwili pale Snow White anapofumbua macho tena? Hakuna, kwa sababu tangu sentensi ya kwanza tumekubali kwamba dunia ile ina sheria zake. Maiti akiamka huko, ni habari njema.

Lakini mwondoe Snow White kwenye "hapo zamani za kale". Mpe mwaka, mpe chumba chenye baridi, mpe mtu anayekaa kando ya jeneza akihesabu pumzi zisizokuwepo. Kisha fumbua macho yale. Hapo unaruka.

Hiyo ndiyo kazi yote ya usimulizi wa kigothiki, na mengine ni mapambo. Unachukua tukio ambalo ngano hulipita kwa sentensi moja na kulipa mwili unaoweza kuumia, mahali penye milango, na akili inayoogopa. Tuna methali isemayo zimwi likujualo halikuli likakwisha. Gothiki imeipindua: lile likujualo, linalolala chumba cha pili na kujua unapoweka funguo, ndilo litakalokumaliza.

Hakuna ya asili

Turudi kwa wale wa "hivi ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo". Hoja yao ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayoipa nguvu.

Ni kweli kwamba ngano za Mrembo Aliyelala zina historia ya kutisha. Giambattista Basile, aliyeandika kwa Kinapoli na ambaye kitabu chake kilitoka 1634 hadi 1636 baada ya kifo chake, ana msichana aitwaye Talia. Analala usingizi wa kichawi kwa sababu ya uzi wa kitani ulioingia chini ya ukucha. Mfalme aliye na mke anamkuta, anamwingilia akiwa usingizini na kuondoka zake. Talia anajifungua mapacha bila kuamka, mpaka mmoja wao anaponyonya kidole chake na kuutoa ule uzi. Mwaka 1697 Mfaransa Charles Perrault aliifuta aibu ile, lakini akaiongezea sehemu ya pili ambamo mama wa mwana wa mfalme ni jitu lenye hamu ya kuwala wajukuu wake.

Ukiishia hapo utaamini kwamba kadiri unavyorudi nyuma ndivyo giza linavyozidi. Sasa mchukue Cinderella. Kwa Basile, yeye mwenyewe anamuua mama wa kambo kwa kumbamiza kifuniko cha sanduku shingoni. Kwa Perrault, damu yote imekauka: Cinderella anawasamehe dada zake na kuwaoza kwa mabwana wa ikulu. Miaka zaidi ya mia moja baadaye, ndugu Grimm, katika toleo lao la kwanza la 1812, wanaleta dada wanaokata kisigino na kidole cha mguu ili kiatu kiingie. Na njiwa wanaowadonoa macho dada wale? Hao hawakuwemo 1812. Waliongezwa katika toleo la 1819. Toleo jipya ndilo lenye damu zaidi, na ndilo watu wanaloliita "la asili".

Toleo la 1812 lina lake pia: anayetaka kumuua Snow White ni mama yake mzazi. Mama wa kambo aliingizwa 1819, kwa kuwa Wilhelm Grimm, aliyekuwa akizipiga msasa hadithi hizi, hakutaka mama mzazi aonekane vile. Aliona kizazi chake kinaanza kuzisoma na watoto, jambo ambalo kitabu chao cha kwanza, chenye maelezo ya kitaalamu na kisicho na picha, hakikulilenga hasa. Wakati huohuo aliziacha adhabu. Malkia bado anacheza na viatu vya chuma vilivyochomwa moto mpaka afe. Kwa Wilhelm, kilichopaswa kufichwa ni uovu wa mama mzazi. Mateso ya mwovu hayakumsumbua, yalikuwa haki yake.

Kwa hiyo hakuna mstari ulionyooka kutoka giza kwenda nuru. Kila zama ilipaka rangi yake. Tena hata simulizi za mdomo walizokusanya Grimm hazikuwa safi kama maji ya chemchemi. Kofia Nyekundu waliipata kwa watu wa ukoo wa Hassenpflug, familia yenye asili ya Kifaransa, kwa hiyo kitabu cha Perrault kilikuwa kimeshapita hapo. Kwa Perrault msichana analiwa na hadithi inaisha. Mwindaji anayempiga mbwamwitu risasi anaonekana katika tamthilia ya Mjerumani Ludwig Tieck ya mwaka 1800, ndipo Grimm nao wakawa na mwindaji wao. Yule mwokozi tunayedhani ni wa tangu na tangu alitoka kwa mwandishi wa ulimbwende, mkondo wa fasihi uitwao Romantiki, mtu wa vitabu, ambaye pia aliandika hadithi za kutisha.

Chumba kilichokatazwa

Kama ningeruhusiwa kuchagua ngano moja tu ya kueleza jambo hili, ningechagua Ndevu za Buluu. Ndiyo daraja ambalo wazazi wawili walikutania.

Perrault aliichapisha 1697. Tajiri mwenye ndevu za rangi ya buluu anaoa msichana. Wake zake wa awali hakuna ajuaye walikwenda wapi. Anasafiri, anamwachia mkewe funguo zote na kumkataza chumba kimoja kidogo. Mke anafungua, anakuta wake waliotangulia wamechinjwa, ufunguo unadondoka kwenye damu. Akiusugua upande mmoja, doa linahamia wa pili. Mume anarudi kabla ya wakati. Kaka wawili wa mke wanafika dakika ya mwisho na kumuua.

Iangalie vizuri. Nyumba kubwa, mwenye nyumba mwenye la kuficha, mwanamke asiyeweza kutoka, wafu wasiokubali kufichwa. Mambo manne ya Otranto yamo humo, miaka zaidi ya sitini kabla ya Otranto. Kitu pekee kinachokosekana ni hofu ndefu. Perrault anatembea kutoka kwenye mlango hadi kwenye damu kwa mistari michache.

Riwaya za kigothiki zilichukua mistari hiyo michache na kuivuta ikawa mamia ya kurasa. Katika The Mysteries of Udolpho ya Ann Radcliffe, ya 1794, binti yatima Emily anapelekwa kwenye kasri la milimani Italia na Montoni, mume wa shangazi yake. Chumba anacholala kina mlango wenye makomeo upande wa nje tu, ndani hakuna. Soma tena: wa nje anaweza kumfungia, na yeye hawezi kujifungia. Sijui picha nyingine inayoeleza hali ya mhusika wa kigothiki kwa ufupi kama hiyo. Kuna pia pazia jeusi, ambalo Emily analifunua na kuzimia, na Radcliffe anakataa kutuambia alichokiona mpaka karibu na mwisho. Ni sanamu ya nta. Nakiri nilipofika hapo nilihisi nimedhulumiwa, lakini zile kurasa mia kadhaa za kujiuliza zilikuwa zimeshafanya kazi yake.

Mwaka 1847 Charlotte Brontë alitaja daraja hilo kwa jina. Katika Jane Eyre, Jane, mwalimu wa nyumbani wa mtoto, anatembea ghorofa ya juu ya nyumba ya Bwana Rochester, anaona milango midogo myeusi iliyofungwa pande zote, na kuufananisha ujia ule na wa kasri la Ndevu za Buluu. Papo hapo anasikia kicheko. Nyuma ya mlango yumo mke wa kwanza, hai.

Brontë aliongeza jambo ambalo ndilo, kwa maoni yangu, moyo wa ngano za kigothiki zote zilizofuata. Ulaya ilikuwa na ngano ya pili inayoanza karibu sawasawa: Mrembo na Dubwana, iliyoandikwa kwa urefu na Madame de Villeneuve mwaka 1740 na kufupishwa na Madame Leprince de Beaumont mwaka 1756. Hapo pia msichana anaingia nyumba kubwa ya mwanamume wa ajabu. Jibu ndilo tofauti. Kwa Dubwana, anayetisha ni mwema, mpende atabadilika. Kwa Ndevu za Buluu, anayependeza ni mwuaji, kimbia. Mwanamke aliyesimama mlangoni mwa nyumba ya Rochester hajui yumo kwenye hadithi ipi kati ya hizo mbili. Msomaji naye hajui. Daphne du Maurier alilirudia swali hilo mwaka 1938 katika Rebecca, na jibu lake linachafua mikono: mume kweli alimuua mke wa kwanza, na mke wa pili, akishajua, anaona faraja kwamba hakumpenda yule marehemu.

Nisiwasahau wasomaji wa Alfu Lela Ulela, ambao watakuwa wanajikuna vichwa. Ndiyo, chumba kilichokatazwa kimo humo pia. Antoine Galland alianza kuitoa kwa Kifaransa mwaka 1704, na ndani yake mmoja wa wale makalenda watatu, yaani madarweshi, anakabidhiwa funguo za jumba zima isipokuwa mlango mmoja wa dhahabu, anaufungua, na farasi anamtoa jicho. Zaidi ya hayo, kisa kinachozibeba hadithi zote ni cha mfalme anayeua mke baada ya mke. Waandishi wa gothiki walikisoma kitabu hicho kwa pupa. William Beckford alikitumia waziwazi katika Vathek ya 1786.

Maiti asiyeoza

Damu aliyonayo Snow White katika hadithi za leo ilipitia njia fupi zaidi. Kwa Grimm, hakuna busu. Mwana wa mfalme analiona jeneza la kioo na kuwaomba vibete wamkabidhi, kwa kuwa hawezi kuishi bila kumtazama aliyemo ndani. Katika toleo la 1812 anawafanya watumishi walibebe jeneza kila aendako, na ni mtumishi aliyechoka na kero hiyo anayempiga maiti mgongoni kwa hasira, tufaha likaruka. Ngano inayasimulia hayo yote bila kukunja uso.

Kisha zikaja hadithi za wanyonya damu. Mwaka 1872, miaka ishirini na mitano kabla ya Dracula, Sheridan Le Fanu wa Ireland aliiweka Carmilla ndani ya kitabu cha hadithi zake. Mwishoni kaburi linafunguliwa, na humo msichana mrembo amelala, mashavu yana rangi, macho yako wazi, pumzi inakwenda polepole, na jeneza limejaa damu. Weka picha hizo mbili pamoja: ngozi nyeupe, midomo myekundu, maiti asiyeoza. Ilikuwa suala la muda tu mtu aulize kama mama wa kambo hakuwa na sababu nzuri ya kumwogopa mtoto yule. Tanith Lee aliuliza, katika hadithi iliyokipa jina kitabu chake cha 1983, Red as Blood: malkia ndiye mlinzi, na binti mweupe kama theluji ndiye hatari.

Meza ya Angela Carter

Hatimaye tumefika kwa mwandishi ambaye kila mjadala huanza naye. Angela Carter wa Uingereza alitoa The Bloody Chamber, "Chumba cha Damu", mwaka 1979, hadithi kumi ambazo waandishi wengi wa utanzu huu wamejifunza kwazo.

Husemwa kwamba alichukua ngano na kuzifanya "za watu wazima", na yeye mwenyewe hakulipenda wazo hilo. Alisema nia yake ilikuwa kukamua kilichojificha ndani ya hadithi za zamani na kukitumia kuanzishia hadithi mpya. Ili kujua alikamua nini, tazama kilichokuwa mezani pake. Mwaka 1977 tafsiri yake ya ngano za Perrault kwa Kiingereza ilichapishwa, kwa hiyo alikuwa amepita kila sentensi ya Ndevu za Buluu kwa mkono wake. Mwaka uleule wa 1979 alitoa kitabu cha hoja kuhusu Marquis de Sade, mtu ambaye kwake mamlaka na tamaa havitenganiki. Na tangu 1974 alikuwa ameandika kwamba anaipenda kazi ya Edgar Allan Poe na ya E.T.A. Hoffmann. Hoffmann ndiye yule ambaye hadithi yake ya mtu wa mchanga, anayenyang'anya macho, Freud aliitumia kuelezea unheimlich.

Sasa ifungue hadithi ya kwanza. Mume ni Marquis. Kasri liko baharini, maji yakijaa hakuna njia ya kutoka. Msimulizi hana jina, kama yule wa Rebecca. Mmoja wa wake waliotangulia ametoka Romania, na kadi ya posta inafanya mzaha kuhusu ukoo wa Dracula. Doa la ufunguo haliishii kwenye ufunguo, linachapwa kwenye paji la uso wa mke na halifutiki tena. Na pale ambapo Perrault alileta kaka wawili, Carter analeta mama, juu ya farasi, mkononi ana bastola ya marehemu mumewe. Mama huyu aliwahi kumpiga risasi chui-milia mla watu karibu na Hanoi.

Wengi hukumbuka mama yule na kuamini kwamba mbinu ya Carter ni kugeuza tu matokeo: zamani msichana alishindwa, sasa anashinda. Wasome mbwamwitu wake. Katika hadithi moja fupi sana, msichana anakata mguu wa mbwamwitu njiani, na akifika kwa bibi unageuka kuwa mkono wenye pete. Majirani wanampiga bibi kwa mawe mpaka anakufa. Mjukuu anahamia kwenye nyumba ile na kustawi. Je, bibi alikuwa mchawi, au kuna mtu aliyeitaka nyumba? Carter hasemi. Katika nyingine msichana anamcheka mbwamwitu usoni na kulala salama mikononi mwake. Na pale mnyonya damu wa kike anapopata busu lake la Mrembo Aliyelala, busu lile ndilo linalomuua, na kijana aliyembusu anaondoka na baiskeli yake kuelekea Vita vya Kwanza vya Dunia. Hadithi hii ilitokana na mchezo wake wa redio wa 1976. Huwezi kuziita zote ushindi.

Waliofuata wamechukua vipande tofauti. Helen Oyeyemi, mzaliwa wa Nigeria aliyekulia London, katika Mr. Fox ya 2011 anamweka Ndevu za Buluu kwenye dawati la uandishi: Bwana Fox ni mtunzi ambaye kila mara huwaua wahusika wake wa kike, mpaka mmoja anapokuja kumdai maelezo. Jina Fox lilitoka kwenye ngano ya Kiingereza ya mchumba mwuaji, ambayo Shakespeare aliidokeza katika tamthilia yake mojawapo. Carmen Maria Machado wa Marekani, katika kitabu cha 2017, ana mke aliyefungwa utepe shingoni ambaye anamruhusu mumewe kila kitu isipokuwa kuugusa utepe ule. Chumba kilichokatazwa kimehamia mwilini mwa mke, na anayeshindwa kujizuia ni mume.

Na zipo kazi nyingi zinazouzwa kama gothiki ambazo zimevaa nguo nyeusi tu: kunguru jaladani, msitu wenye ukungu, binti wa mfalme mwenye upanga. Nyingine ni burudani nzuri. Lakini kama kila mtu humo anaweza kutoka nje wakati wowote apendao, hiyo ni hadithi ya vita au ya mapenzi.

Anayetaka kujionea mwenyewe asianze na Carter. Aanze na Ndevu za Buluu ya Perrault, ambayo huisha kabla chai haijapoa, na asiruke mashairi mawili ya mafunzo yaliyo mwishoni. La kwanza linawaonya wanawake dhidi ya udadisi. La pili linamtuliza msomaji: hiki ni kisa cha zamani, waume wakali namna hii hawapo tena. Kisha aingie Jane Eyre, sura ya kumi na moja, kwenye ujia ule wa ghorofa ya juu, ambako mtu anacheka nyuma ya mlango.